Sura ya Sita: Kitovu Kwanza, Kina Baadaye

Katika mizunguko yote ya mchezo wa kuteleza kwenye barafu, hakuna unaowakatisha tamaa watu wazima kama mzunguko wa kuketi. Mtu hujifunza kuzunguka akiwa wima ndani ya msimu mmoja. Akiambiwa aketi juu ya mguu mmoja huku bado anazunguka, huhangaika kwa miaka, na muda wote huo husikia maneno matatu: umechelewa kuanza, mapaja yako ni dhaifu, shuka chini zaidi. La kwanza ni uongo. La pili ni nusu ya ukweli. La tatu ni ushauri unaoangusha watu.

Nimepanga kuueleza mzunguko huu kwa mafungu matatu: kuingia, kuketi na kutoka. Lakini hakuna fungu litakaloeleweka kabla hatujayaondoa maneno hayo njiani.

Tuanze na umri. Husemwa kwamba kano za mtu mzima zimekwisha kukauka, hivyo asijisumbue. Misuli na kano za mtu wa miaka 50 hujibu mazoezi. Hujibu polepole kuliko za mtoto, na hudai mapumziko marefu zaidi. Marekani imekuwa na ubingwa wa taifa wa watu wazima tangu 1995. Tangu 2005 mji wa Oberstdorf, Ujerumani, umekuwa ukipokea mashindano ya watu wazima chini ya ISU, chama cha kimataifa kinachosimamia mchezo huu, na makundi yake ya umri huwafikia hata waliopita miaka 60. Wanaozunguka wakiketi wamo humo. Wasomaji wengi wa kitabu hiki walikutana na barafu ukubwani, ama Nairobi kwenye uwanja wa Panari uliofunguliwa 2005, ama Toronto na Minneapolis baada ya kuhamia huko. Hilo si kasoro ya kuombea radhi.

Mapaja nayo yamepewa lawama kuliko yanavyostahili. Nguvu inahitajika, sikatai. Ila nimewaona wanaume wanaobeba vyuma vizito jimu wakianguka chali kila wakijaribu kuketi, na akina mama wembamba wenye miaka 60 wakiketi na kuinuka bila kelele. Tofauti iko mahali uzito ulipo. Ukiketi, nyonga hurudi nyuma. Kinachorudi nyuma lazima kilipwe mbele: kifua, mikono na mguu huru (ule usiousimamia) huenda mbele ili uzito wote ubaki juu ya nukta moja ya bapa la chuma lililo chini ya kiatu. Goti la mguu wa kusimamia nalo husogea mbele, likavuka vidole.

Hapo ndipo amri moja ya jimu inapoleta hasara. Watu wamefundishwa kwamba goti likivuka vidole litaharibika, na wameishika amri hiyo kama mwiko wa ukoo. Goti lenye afya huvuka vidole kila unaposhuka ngazi. Anayelizuia kwenye barafu hubakiwa na njia moja tu, kuisukuma nyonga nyuma zaidi, na mwisho wa njia hiyo ni kuanguka kwa makalio. Mwenye goti linalouma aende kwa daktari kwanza. Mwenye goti zima aliache liende mbele.

Na goti haliendi mbele kama kifundo cha mguu hakikunjiki. Jipime nyumbani: chutama pekupeku, nyayo zote zikiwa sakafuni. Aliyekua akichutama jikoni na shambani kwa kawaida hana taabu. Aliyekaa kwenye kiti cha ofisi miaka 20 ataona visigino vinainuka. Hata huyo asikate tamaa, maana kiatu cha kuteleza kina kisigino cha karibu sentimita 5, na kimo hicho hukipunguzia kifundo kazi. Kinachomponza mtu mzima mara nyingi ni ugumu wa kiatu chenyewe. Muuzaji amemwambia kwamba kigumu zaidi ndicho bora zaidi, akamuuzia kiatu kilichokusudiwa kijana anayeruka na kuzunguka mara tatu hewani. Kiatu kile kinamlinda kijana anapotua. Mtu mzima asiyeruka hivyo kinamfunga kifundo, naye anayalaumu mapaja yake. Vaa viatu, funga kamba, simama ukishika ukuta, kunja magoti. Goti lisipovuka vidole, tatizo lako liko kwenye kiatu, na mazoezi ya paja hayatalitatua. Kiatu kikiwa bado kipya, jaribu kuacha ndoana ya juu kabisa bila kufungwa.

Habari ya viatu hainiruhusu kumpita Jackson Haines, kwa sababu ndiye aliyetuachia mzunguko huu, na maisha yake yanajibu nusu ya maswali ninayoulizwa. Haines alikuwa Mmarekani wa New York aliyejifunza dansi ya baleti. Katika miaka ya 1860 waliokuwa wakiteleza kwa sanaa walisimama wima kama walinzi, mikono ubavuni, wakichora maumbo kwenye barafu kwa hesabu kali. Haines alitaka mwili mzima ucheze. Kwao hawakumpokea. Akavuka bahari kwenda Ulaya, na mjini Vienna, kati ya watu wa muziki wa waltz, akapata hadhira iliyomwelewa. Aliteleza kwa kufuata muziki, akakunja magoti, akaketi huku anazunguka. Kwa miaka mingi mzunguko huo uliitwa kwa jina lake.

Angalia mambo mawili katika habari hii. Kwanza, Haines alipokuwa akilishangaza bara la Ulaya alikuwa mtu mzima wa zaidi ya miaka 20, aliyeleta barafuni ujuzi alioupata kwenye sakafu ya dansi. Mzunguko ambao watu wazima wanaambiwa si wao uliletwa duniani na mtu mzima. Pili, na hili ndilo ninalolipenda zaidi, alibadili chombo chake. Zama zile bapa lilifungwa chini ya kiatu cha kawaida kwa mikanda na vibanio, na kitu kilichofungwa kwa mikanda hucheza. Haines alilikaza bapa moja kwa moja kwenye kiatu, vikawa kitu kimoja. Fikiria unachodai unapoketi: uzito wote wa mwili juu ya sehemu ndogo ya chuma karibu na vidole, huku chuma hicho kikizunguka. Bapa likitikisika hata kidogo, nukta inahama na mzunguko unakufa. Haines alitengeneza kwanza msingi imara, kisha ndipo akashuka. Alifariki mwaka 1875 mjini Kokkola, Finland, akazikwa hukohuko. Mashindano ya kwanza ya dunia ya mchezo huu yalifanyika mwaka 1896, St. Petersburg, miaka 21 baada ya kifo chake, na mtindo alioupanda Vienna ndio uliokuja kutawala mchezo wote, mpaka Marekani iliyomkataa.

Bapa la leo lina unene wa karibu milimita 4. Chini yake kuna mfereji unaoacha makali mawili, ya ndani na ya nje. Kwa urefu wake bapa limepinda, na mpindo huo unakuwa mkali zaidi kuelekea mbele. Unazunguka kwenye mpindo huo wa mbele, nyuma kidogo tu ya meno yaliyo kwenye ncha ya bapa. Ukiegemea mbele mno, meno yanakwaruza na kukusimamisha. Ukirudi nyuma mno, bapa linaanza kuhama. Mnoaji asiye makini anaweza kuusawazisha mpindo huo kwa jiwe lake, au kulipunguza jino la chini. Mzunguko wako ukiharibika ghafla baada ya kunoa, kagua bapa kabla ya kujikagua wewe.

Sasa mafungu yetu. Nitaeleza kwa anayezunguka kinyume cha saa, akisimamia mguu wa kushoto. Wa upande mwingine ageuze.

Kuingia. Unatoka kwenye makali ya ndani ya nyuma ya mguu wa kulia, unakanyaga makali ya nje ya mbele ya mguu wa kushoto, goti limekunjwa. Mkono wa kushoto uko mbele. Mkono wa kulia na mguu huru viko nyuma. Kisha subiri. Mkunjo wa njia yako barafuni unajikaza wenyewe, duara linakuwa dogo, mpaka bapa linageuka lenyewe na kuacha alama inayofanana na tarakimu 3, nawe unajikuta kwenye makali ya ndani ya nyuma. Watu wazima wengi hushindwa hapa, sekunde moja kabla ya kuketi, kwa kuachia bega na mguu mapema. Wanaketi wakati duara halijafunga, wanahama uwanjani, halafu wanaambiwa washuke zaidi. Kushuka zaidi kwenye mzunguko unaohama huongeza uhamaji. Lipate kwanza duara lililofunga, kina kitafuata.

Kuketi. Goti lako tangu mwanzo limekunjwa, kwa hiyo usisimame ndipo udondoke. Mguu huru unapopita kwa upana kuja mbele, shuka nao. Elekeza wayo wake nje, mikono mbele, kifua mbele, macho usawa wa ukuta wa uwanja. Kichwa cha mtu mzima kina kilo 4 hadi 5, na ukikiinamisha kutazama barafu unaihamisha nukta. Utahisi mwendo unapungua, na wengi huogopa wakidhani wamekosea. Hawajakosea. Kasi ya mzunguko hutegemea jinsi uzito ulivyotawanyika kutoka kwenye mhimili: ukitawanya, kasi hupungua, ukikusanya, hupanda. Mguu na mikono iliyonyooshwa mbele imetawanya uzito. Ukishatulia chini, vuta mikono na ukunje mguu huru kuelekea ule wa kusimamia, na kasi itarudi bila kusukuma chochote. Msuguano hula sehemu yake, na ndiyo sababu kuingia lazima kuwe na nguvu.

Kanuni ya mashindano inataka paja la mguu wa kusimamia lifike angalau usawa wa barafu, na nafasi hiyo idumu mizunguko miwili bila kukatika. Mwombe mtu akupige video kutoka ubavuni. Hisia hudanganya, karibu kila mtu huamini amefika chini kuliko alivyofika.

Kutoka. Isukume barafu kwa mguu wa kusimamia, inuka huku mguu huru ukirudi karibu, kusanya mikono, kisha kanyaga makali ya nje ya nyuma ya mguu wa kulia na uyashike.

Rudi uangalie ulipozungukia. Vitanzi vidogo vilivyolaliana mahali pamoja vinasema ulikuwa juu ya kitovu cha mzunguko. Vitanzi vilivyopangana kwa mstari vinasema ulihama, na mwanzo wa mstari unaonyesha ulipoharakisha. Alama hizo hazina upendeleo.

Kuhusu kizunguzungu nimeletewa kila dawa: tangawizi, bangili za sumaku, kufunga kula, na kukodolea macho nukta moja kama wafanyavyo wachezaji wa baleti. Mchezaji wa baleti anaweza kukirudisha kichwa kila mzunguko. Mwaka 2015, mjini Warsaw, mtelezaji Olivia Oliver alizunguka kwa kasi ya mizunguko 342 kwa dakika. Hakuna shingo ya kufanya hivyo. Kizunguzungu hutokana na majimaji ya sikio la ndani yanayoendelea kusogea baada ya mwili kusimama, na ubongo hujifunza kuyapuuza ukirudiarudia kwa vipimo vidogo. Zunguka kidogo, tulia, tazama kitu kimoja mpaka dunia isimame, rudia. 

Vivyo hivyo tepu za rangi na unga wa kolajeni unaouzwa kwa ahadi ya goti jipya: weka pesa hiyo kwenye kiatu kinachokunjika na mnoaji anayejua kazi yake. Kile kibao cha kuzungukia sebuleni kina faida yake, kuzoesha kichwa na mikono, lakini hakina makali, kwa hiyo hakiwezi kukufundisha kuingia. Nyumbani, shika ukingo wa meza, nyoosha mguu mmoja mbele, shuka kwa mwingine na uinuke, taratibu, goti likifuata mwelekeo wa vidole. Simama maumivu yakianza.

Kocha anayekuambia ushuke zaidi kabla hajatazama alama zako kwenye barafu hajakufundisha. Mwombe azitazame. Akikataa, tafuta mwingine.