Matogoro Haistahili Chenga

Anayewasha kompyuta ofisini Songea mara nyingi hupokewa na milima ya nchi asiyoijua, ilhali Milima ya Matogoro, unakoanzia Mto Ruvuma, iko pale pale kando ya mji. Wapo wanaojaribu kuiweka Matogoro kwenye skrini, lakini picha iliyong'aa kwenye simu hutokea kwenye kompyuta ikiwa imejaa chenga. Lawama huiangukia kamera. Mara nyingi kamera haina kosa. Picha imeharibiwa njiani.

Tufanye hesabu. Simu ya megapikseli 12 hutoa picha yenye pikseli 4,000 kwa 3,000. Skrini ya kompyuta ya pikseli 1,920 kwa 1,080 inahitaji kama milioni 2 tu. Hata ukikata juu na chini ili picha ienee vizuri kwenye skrini pana, unabaki na 4,000 kwa 2,250, zinazotosha hata skrini ya 4K yenye 3,840 kwa 2,160.

Sasa itume picha hiyo kwa WhatsApp bila kubadili mpangilio wowote. Mara nyingi upande mrefu hushuka hadi karibu pikseli 1,600. Ukiikata ienee kwenye skrini, zinabaki 1,600 kwa 900, na kompyuta inalazimika kuivuta ili ijaze nafasi. Isitoshe, mfumo wa JPEG huigawa picha katika viraba vya pikseli 8 kwa 8 na kutupa yale madogo ambayo jicho haliyaoni upesi. Picha ikibanwa tena na tena, hasara huonekana: majani ya miti hushikana, na anga la jioni pale Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, ambalo rangi zake hupokezana taratibu, hukatika mistari mistari.

Dawa yake haina gharama. Ilaze simu unapopiga, kwa kuwa skrini ya kompyuta ni pana. Futa lenzi. Usikuze kwa vidole, sogea. Kisha hamisha picha kwa waya, au itume kama dokumenti, ili faili ifike kama ilivyopigwa.

Mwaka 1996 mpiga picha Charles O'Rear alisimama kando ya barabara huko California, Marekani, akapiga kwa kamera ya filamu kilima cha kijani chini ya anga la buluu. Mwaka 2001 picha hiyo ikawa picha ya skrini ya mfumo wa kompyuta wa Windows XP, ikaonekana duniani kote. Kilima chenyewe hakikuwa na sifa yoyote ya pekee. Kilipata mpiga picha makini na picha iliyotunzwa.

Mkoa wa Ruvuma una Matogoro, una Ziwa Nyasa, una Makumbusho ya Majimaji. Shule, ofisi na vijana wenye simu waanze kuhifadhi faili halisi za picha za mahali hapo, si nakala za kwenye magrupu. Picha kubwa unaweza kuipunguza siku yoyote. Iliyokwisha kupunguzwa hairudishiwi kilichotupwa.