Namna gani mwanga unaweza kuleta baridi?

Tangu utoto tunajua mwanga unapasha joto. Mtu akikwambia kama kuna watu wanatumia lazeri kwa kupoza atomu, utasema anakuchezea. Kumbe ni kweli.

Joto ni nini? Ni mwendo wa atomu, basi. Atomu ya sodiamu mu chumba cha kawaida inakimbia zaidi ya mita 500 kwa sekunde. Ukiipunguzia mbio, umeipoza.

Sasa, pikipiki ikikuja mbele yako, mlio wake unasikika juu, ikishapita, unashuka. Mwanga nao iko vile. Atomu inameza rangi fulani tu. Lazeri inawekwa chini kidogo ya ile rangi. Atomu inayokimbia kuelekea lazeri inaiona imepanda, inameza, inasukumwa nyuma. Pigo moja linapunguza karibu sentimita 3 kwa sekunde. Ni kidogo, lakini mapigo yanaweza kufika mamilioni kwa sekunde moja.

Mwaka 1985, Steven Chu na wenzake wa Bell Labs, Marekani, walipiga sodiamu na lazeri kutoka pande 6. Atomu zikakwama sawa nzi mu asali, kwenye kelvini 0,00024. Hesabu za wakati ule zilisema: mwisho ni hapo. (Kwa kuzishika zisitoroke, mwaka 1987 waliongeza sumaku.)

Mwaka 1988, kikundi cha William Phillips kikapima 0,00004. Mara 6 chini ya mpaka! Hawakufuta ile namba. Walipima tena kwa njia zingine, jibu likabaki lile lile. Ndipo Claude Cohen-Tannoudji, mzaliwa wa Constantine, Algeria, na Jean Dalibard, kule Paris, wakaeleza: hesabu iliipa atomu ngazi mbili tu za nishati, kumbe iko na ngazi ndogo nyingi. Inapanda kilima cha mwanga, inachoka, inarudishwa chini, inapanda tena. Chu, Phillips na Cohen-Tannoudji walipata Nobel mwaka 1997.

Leo saa bora za sesiamu zinatumia atomu zilizopozwa hivi, juu atomu ya polepole inapimika muda mrefu.

Wewe unayeandika TFC: namba yako ikikataa kufanana na kitabu, usiifute haraka. Pima tena. Pengine kitabu ndicho kilisahau kitu.