Kura za Maoni: Funzo la George Gallup kwa Mkazi wa Nakuru

Kila uchaguzi unapokaribia, simu zetu hujaa picha zenye sura za wagombea na asilimia kando yake. Kuna wanaoshangilia, kuna wanaokasirika, na kuna wanaoamua kubaki nyumbani siku ya kura kwa kuwa "mambo yameshaamuliwa". Ni vyema mkazi ajue kura hizi za maoni zilianzaje na zinafanywaje, ili ajue ipi ya kuamini.

Gallup alikuwa nani?

George Gallup alizaliwa mwaka 1901 katika mji mdogo wa Jefferson, jimbo la Iowa, Marekani. Mwaka 1928 alipata shahada ya uzamifu kwa utafiti wa jinsi watu wanavyosoma magazeti. Mwaka 1935 alianzisha taasisi yake ya kupima maoni ya umma.

Mtihani ulikuja mwaka uliofuata. Jarida maarufu la Literary Digest lilituma kadi milioni 10 kuuliza watu watamchagua nani kuwa rais. Zaidi ya milioni 2 zilirudi, na jarida likatangaza kwamba Alf Landon angemshinda Rais Franklin Roosevelt. Gallup alihoji watu wachache zaidi, takriban 50,000, akasema Roosevelt angeshinda. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48.

Jarida lilikosea wapi? Majina mengi lilitoa katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari. Wakati huo uchumi ulikuwa umeanguka, na maskini wengi hawakuwa na simu wala gari. Tena, waliohesabiwa ni wale tu waliojisumbua kurudisha kadi.

Gallup alipenda kutoa mfano wa supu. Mpishi hamalizi sufuria nzima ili ajue kama chumvi imekolea. Kijiko kimoja kinatosha, mradi amekoroga vizuri. Katika utafiti, kukoroga ni kuhakikisha kila mtu ana nafasi ya kuchaguliwa: wa mjini na wa Kuresoi, kijana na ajuza, mwenye simu na asiye nayo.

Yeye pia alikosea. Mwaka 1948 alitabiri kwamba Thomas Dewey angemshinda Rais Harry Truman, na Truman akashinda. Mahojiano yalikuwa yamekoma mapema mno, na wahoji walijichagulia watu wa kuuliza. Baada ya hapo watafiti walianza kuwachagua watu kwa bahati nasibu. Gallup alifariki mwaka 1984, lakini njia hiyo ndiyo inayotumika hadi leo.

Hapa Kenya

Kazi hii imeota mizizi nchini. Afrobarometer imekuwa ikiwahoji Wakenya tangu 2003, na kampuni kama Infotrak, iliyoanzishwa na Angela Ambitho, na TIFA, inayoongozwa na Maggie Ireri, hutoa matokeo mara kwa mara.

Sisi wa Bonde la Ufa tunajua uzito wa uchaguzi. Mwishoni mwa 2007 kura za maoni zilionyesha wagombea wawili wakuu wakikaribiana sana. Matokeo yalipotangazwa tarehe 30 Desemba, ghasia zilizuka, na Januari 2008 zikafika Nakuru na Naivasha. Takwimu zinapogusa mambo mazito namna hii, mwananchi ana haki ya kujua zimetoka wapi.

Mwaka 2012 Bunge lilipitisha sheria ya uchapishaji wa kura za maoni za uchaguzi. Anayechapisha matokeo hutakiwa kueleza nani aligharamia utafiti, nani aliufanya, lini, ni watu wangapi waliofikiwa na kiwango cha makosa. Sheria pia inakataza kuyachapisha siku tano kabla ya uchaguzi.

Nakuru ndani ya hesabu

Utafiti wa kitaifa wa watu 2,400 waliochaguliwa ipasavyo huwa na kiwango cha makosa cha asilimia 2 hivi, juu au chini. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi 2,162,202 katika kaunti yetu, karibu asilimia 4.5 ya Wakenya wote. Kwa hiyo, kati ya wale 2,400, watu wa Nakuru watakuwa 110 hivi. Kwa idadi hiyo, kiwango cha makosa hupanda hadi asilimia 9 au zaidi. Ukisikia "Nakuru imesema" kutokana na utafiti wa nchi nzima, uliza waliohojiwa Nakuru ni wangapi.

Nazo kura za mitandaoni, hata zikipigwa na watu 50,000, hurudia kosa la lile jarida: mama asiye na simu ya intaneti hayumo.

Mhoji akibisha mlangoni

Mwombe kitambulisho cha kazi na jina la shirika lake. Una haki ya kukubali au kukataa kuhojiwa. Usimpe nambari ya siri ya M-Pesa. Hakuna utafiti unaoihitaji. Ikiwa nyanya ndiye aliyechaguliwa nyumbani, aachwe ajibu mwenyewe, kwani maoni yake ndiyo yanayotafutwa.

Na siku ya kura ikifika, nenda kituoni. Kura ya maoni huonyesha watu walivyofikiri siku walipoulizwa. Kiongozi huchaguliwa kwa karatasi iliyo ndani ya sanduku.