Fahamu: Slowdive, bendi iliyobezwa kisha ikapendwa

Slowdive ilianzishwa mwaka 1989 mjini Reading, Uingereza. Hupiga shoegaze, roki ambayo magitaa hupitishwa kwenye vifaa vya mwangwi na mkwaruzo mpaka sauti za waimbaji, Rachel Goswell na Neil Halstead, zinazama ndani yake. Magazeti ya muziki ya Uingereza yaliibeza bendi hii ilipotoa albamu ya Souvlaki (1993). Hayakuitendea haki albamu hiyo, kwani leo ndiyo inayopendwa zaidi kati ya albamu zao. Baada ya Pygmalion (1995), yenye ukimya mwingi na ngoma chache, kampuni yao ya rekodi, Creation, iliwaacha, nao wakatawanyika.

Walirudi jukwaani 2014. Everything Is Alive (2023), waliyoitoa kwa kumbukumbu ya mama yake Goswell na baba wa mpiga ngoma Simon Scott, iliwaingiza kwenye kumi bora ya chati ya albamu ya Uingereza.