Moyo Mmoja, Michezo Mitatu

Mchuuzi wa dagaa anayetoka soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na magunia mawili nyuma ya baiskeli yake ya Phoenix, akaupanda mlima bila kushuka, ana moyo ambao daktari wa michezo angefurahi kuupima. Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya mmoja wao na baiskeli yangu ya gia ishirini, nguo za kubana na chupa mbili za maji, nikidhani napiga tizi. Aligeuka, akanipa pole, akaendelea. Pole ile iliniuma. Nikajifariji kwa swali la hila: huyu tukimshusha ziwani pale Capri Point tukamwambia aogelee, atafika wapi?

Jibu nilikuwa nalo, maana lilishanikuta mwenyewe. Nilikuwa mkimbiaji wa kawaida tu, lakini wa kumaliza nusu marathoni ya Rock City bado nikiwa na maneno mdomoni. Siku ya kwanza majini, mita 50 zilinimaliza. Moyo ule ule, mapafu yale yale. Pumzi ilikuwa imekwenda wapi?

Triathloni ni kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, na saa haisimami hata unapobadilisha viatu. Ile ndefu, inayojulikana kwa jina la Ironman, ilianzia Hawaii Februari 18, 1978. Walianza watu 15, wakamaliza 12. Unaogelea km 3.8, unaendesha baiskeli km 180, kisha unakimbia marathoni nzima, km 42.2. Kwa kipimo cha kwetu, kuogelea huko kunazidi urefu wa Daraja la JP Magufuli la Kigongo–Busisi, lenye km 3. Baiskeli ni kama kutoka Mwanza kwenda Magu, kurudi, halafu kwenda tena. Marathoni yenyewe haihitaji mfano. Nusu ya masafa hayo yalifika jirani Agosti 2022, mashindano ya Ironman 70.3 yalipofanyika Rubavu, Rwanda, waogeleaji wakiingia Ziwa Kivu.

Mtu mwenye kazi na familia akitaka kujiandaa ana saa kumi hivi kwa wiki. Wengi huzigawa kama urithi, kila mchezo fungu lake sawa, ili asinung'unike mtu. Mwili haugawi hivyo.

Mwaka 1976, Mswidi Bengt Saltin na wenzake walichapisha jaribio ambalo mpaka leo sijaona linaloeleza jambo hili vizuri zaidi. Waliwafanyisha watu mazoezi ya baiskeli ya maabara kwa mguu mmoja mmoja. Baada ya wiki nne walipima, na kwa sindano wakachukua vipande vidogo vya misuli ya paja. Mguu uliofanya kazi ulikuwa umepanda uwezo waziwazi, na vimeng'enya vinavyochoma chakula kwa oksijeni vilikuwa vimeongezeka ndani yake. Mguu wa pili, wa mtu yule yule, unaopokea damu ya moyo ule ule, ulikuwa karibu pale pale ulipoachwa.

Maana yake ni kwamba stamina inakaa mahali pawili. Sehemu moja ni ya jumla: moyo unaosukuma damu nyingi kwa kila pigo, na damu yenyewe kuongezeka wingi. Hiyo ukiitafuta kwa baiskeli utaikuta ukikimbia. Sehemu ya pili ni ya msuli wenyewe: mitokondria, ambazo ndizo majiko ya seli, na kapilari zinazofikisha oksijeni mpaka mlangoni. Hii haiazimwi. Mapaja ya mchuuzi wa dagaa yamejaa majiko, mabega yake hayana. Mimi vilevile.

Kwenye maji kuna adhabu nyingine juu ya hiyo. Maji ni mazito kuliko hewa kwa takriban mara 800, na ukinzani wake hukua kwa mraba wa mwendo: ukitaka kwenda mara mbili ya kasi yako, maji yanakurudishia nguvu mara nne, na wewe inakubidi utoe kazi kama mara nane. Kwa hiyo anayepambana na maji kwa ubabe anapoteza. Mgeni wa maji huinua kichwa apate hewa, miguu inazama, na mwili unakwenda kama mtumbwi uliopakiwa mzigo wote nyuma. Dawa yake ni kulala bapa juu ya maji, uso ukitazama chini, na kugeuka ubavuni kuvuta pumzi. Huo ni ufundi, na ufundi hukaa kwenye mishipa ya fahamu. Mara tatu kwa wiki dakika arobaini kutakufaa kuliko Jumamosi moja ya saa mbili, ambayo nusu yake utakuwa umechoka na unajifundisha makosa.

Nilianzia kwenye bwawa la hoteli, nikalipia kiingilio kilichoniuma zaidi ya ile pole. Ziwani nilikwenda baadaye, nikisindikizwa na mvuvi kwa mtumbwi. Tulipofika kwenye kina nikamwuliza, nikizama atafanyaje? Akacheka. Hajui kuogelea. Miaka yote hiyo juu ya maji, mabega kama ya mpiga makasia wa Olimpiki, na hajawahi kuogelea hata mita kumi. Hayuko peke yake. Kando ya ziwa hili wavuvi wa namna yake ni wengi. Tangu siku hiyo tunakwenda na maboya mawili, langu na lake.

Kuna pia suala la kichocho, ambalo wageni huliogopa kupita kiasi na wenyeji hulidharau kupita kiasi. Vimelea vyake hulelewa na konokono wanaopenda maji ya kina kifupi penye majani na matete, na aina inayotawala pwani ya ziwa hutoka kwa wingi jua likiwa kali. Kuingilia kwenye maji marefu kutoka mtumbwini, asubuhi mapema, hupunguza hatari. Haiondoi. Anayeogelea ziwani mara kwa mara apange kupima, na akipewa praziquantel ajue dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa, si michanga, ndiyo maana kuinywa jioni ile ile uliyotoka majini hakusaidii sana. Asubuhi ina faida nyingine: upepo wa kutoka ziwani huamka baadaye, nchi kavu ikishapata moto, na mawimbi ya mchana si ya mwanafunzi.

Sasa tupige hesabu ya siku ya mashindano. Mtu wa wastani aliyejiandaa ataogelea saa moja na robo, ataendesha saa sita, atakimbia saa nne na nusu. Baiskeli peke yake inakula nusu ya siku. Bahati nzuri ndiyo isiyoumiza: hakuna kishindo, uzito umebebwa na siti, unaweza kukaa saa nne ukaamka kesho mzima. Basi moyo unaujengea huko, kwenye barabara ya Musoma, kabla malori hayajawa mengi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa kama asilimia kumi kuliko ya Dar es Salaam. Mwendesha baiskeli hupata nafuu kidogo ya ukinzani, ingawa oksijeni nayo inapungua kidogo.

Kukimbia ndiko kunakodai kwa riba. Kila mguu unapotua, ardhi inaurudishia mwili mara mbili hadi tatu ya uzito wake, na marathoni ina kama hatua 40,000. Moyo hukubali mazoezi ndani ya wiki chache. Mifupa na kano, hasa kano zisizopata damu nyingi, huenda kwa miezi. Hapo ndipo wakimbiaji wazuri wanapoumia: pumzi inasema twende, kisigino kinasema ngoja. Katika saa zangu kumi, tano ni za baiskeli, tatu za kukimbia, mbili za kuogelea, na fungu la kukimbia ndilo ninaloliongeza kwa woga.

Na kasi je? Mmarekani Stephen Seiler, aliyefanyia kazi zake Norway, alichunguza jinsi wanamichezo wakubwa wa kupiga makasia na kuteleza kwenye theluji wanavyofanya mazoezi, akakuta kama mazoezi manane katika kumi ni mepesi kabisa. Sisi wa kawaida hufanya kinyume: kila siku nusu kali, si nyepesi ya kujenga wala nzito ya kusukuma. Kipimo changu hakihitaji saa ya bei mbaya. Ukimkuta mzee njiani Kisesa akakuambia "Mwangaluka", na salamu za Kisukuma hazina haraka, je, unaweza kuzimaliza zote, nyumbani, ng'ombe na mvua, bila kuhema? Kama huwezi, unakimbia kwa kasi isiyo ya leo.

Chakula nacho kina mazoezi yake. Mwili uliojaa huhifadhi wanga wa kama kilokalori 2,000, na mashindano haya huweza kudai 8,000 na zaidi. Mafuta ya mwili hufidia sehemu kubwa, lakini bila wanga kila saa mtu huzimika kama koroboi. Glukosi ina mlango wake kwenye utumbo, unaopitisha kama gramu 60 kwa saa. Fruktosi hupita mlango mwingine. Ukichanganya unafika 90. Sukari ya mezani ni hizo mbili nusu kwa nusu, na ndizi mbivu ina zote, kila moja ikibeba gramu 25 hivi za wanga. Utumbo lakini lazima uzoeshwe kupokea huku miguu inafanya kazi. Mara ya kwanza ndizi zangu zilinirudia Nyanguge.

Limebaki zoezi moja, ambalo watu hulikwepa kwa sababu ni la aibu. Ukishuka kwenye baiskeli baada ya saa nne, miguu si yako. Mapaja yamezoea kuzunguka yakiwa yamekunjwa, mgongo umeinama, na ubongo bado unatuma amri za pedali kwa miguu iliyokwisha kushuka. Hali hiyo hupungua kwa kuizoea tu: unaegesha baiskeli na kukimbia dakika ishirini hapo hapo, kabla mwili haujapumzika. Jumapili iliyopita niliiacha kwa fundi, Nyakato, nikatoka mbio na kaptula ya kubana na kofia ngumu niliyosahau kuivua, miguu ikienda kama ya ndama aliyezaliwa jana. Bodaboda mmoja akapunguza mwendo, akanikagua juu mpaka chini.

"Kaka, umeibiwa baiskeli? Panda tumfukuze!"