Nani Ataamia Ndege?

Nimestaafu kazi ya bwana shamba hapa Dodoma, lakini watu bado wananiuliza: mvua zikizidi kuharibika tutakula nini? Jibu la ofisini ni mtama na uwele. Kitaalamu halina kasoro. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, kisha kiangazi kirefu. Hindi likikosa maji linapotoa mbelewele, punje hazishiki, na mvua ya baadaye haisaidii kitu. Mtama hukunja majani, hutulia, mvua ikirudi unaendelea.

Waulize basi akina mama wa Kongwa kwa nini wanang'ang'ania mahindi. Watakutajia kwelea kwelea. Ndege mmoja hula kama gramu 10 kwa siku. Kundi la milioni 2 humaliza tani 20. Hindi limefunikwa na maganda, ila suke la mtama liko wazi kama sahani mezani. Zamani watoto walishinda juu ya ulingo na makombeo yao toka alfajiri. Siku hizi wako shule, na huko ndiko wanakotakiwa kuwa. Nani ataamia?

Nchi nayo imeegemea kusini. Miaka ya 70 serikali iliweka bei moja ya mahindi kote, mkulima wa Sumbawanga akalipwa sawa na wa karibu na Dar es Salaam. Iringa, Mbeya, Rukwa na Ruvuma zikawa ghala letu. Mwaka 2024 ukame wa El Niño ulipoikumba Zambia, ilikuja kununua mahindi kwetu, na wengi tukajipongeza. Mimi sikupata raha. Zambia imepakana na Rukwa, na ukame hauulizi pasipoti. Tuliokula ugali wa yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani, tunajua nchi ikiishiwa inakuwaje.

Umwagiliaji? Mzuri, kwa wenye bonde. Mashamba mengi ya huku hayatauona mfereji.

Kinachopungua ni mnunuzi. Viwanda vya bia vinachukua mtama mweupe, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula nao hununua mtama, ila mkulima huijua bei akiwa ameshavuna. Jirani yangu anataka aijue kabla ya kupanda, apige hesabu kama itatosha kumlipa kijana wa kuamia. Msimu uliopita hakuijua, akapanda kipande kidogo nyuma ya nyumba, cha uji wa wajukuu.