Msemaji wa Mtoto Mahakamani

Mkulima, huenda nawe umepata kulea mtoto asiye wako. Basi sikia wafanyavyo Marekani. Mwaka 1977, mjini Seattle, Jaji David Soukup aliona taabu kukata mashauri ya watoto bila kupata habari zao zote. Akaomba raia wajitolee. Hawa hawalipwi, wala si lazima wawe wanasheria. Kila mmoja hufundishwa kwanza, kisha humtembelea mtoto katika nyumba anakolelewa, huwauliza mwalimu, daktari na ofisa wa ustawi wa watoto, ndipo humwandikia jaji ripoti. Ofisa ana watoto wengi. Huyu ana mmoja au wawili, kwa hiyo huona hata madogo: miwani haijanunuliwa, ndugu hawajaonana. Hampokonyi ofisa kazi yake, humwarifu mapema. Wasipokubaliana, jaji huwasikiliza wote wawili, kisha huamua.